Masikio ya Kuazima

Miaka ishirini na miwili nimesaga mahindi ya watu
pale Nyakato, mashine ikiunguruma kifuani mwangu
kama ng'ombe aliyefungiwa ndani ya bati.
Daktari alinichorea mstari, ukateremka
kama njia ya kwenda ziwani.
Sauti nyembamba, alisema, hizo zimekwenda.
(Ilibidi aseme mara mbili.)

Basi tumekuja Rubondo, kisiwa cha kimya,
mimi na Nyanzobe, mwanangu wa miaka tisa,
kwa boti kutoka Nkome, jaketi la kuokolea
likimfika magotini.
Nimevaa shati la buluu, lile la Pasaka.
Mazigo, askari wa hifadhi, ananitazama, anacheka:
"Mzee, mbung'o wanalipenda hilo
kuliko alivyolipenda aliyekununulia."
Kufika saa nne nimeshachomwa mara saba.
Nilihesabu. Msagaji huhesabu madebe hata usingizini.

Msituni tunakwenda mmoja nyuma ya mwingine.
Mazigo anainua kiganja. Tunaganda.
Anagusa sikio lake, ananyoosha kidole juu ya miti,
na wote, yule mwalimu wa Sengerema, wale maharusi wawili,
wanaachama midomo kama wanaokinga mvua.
Sokwe, naambiwa baadaye. Msitu mzima ulijibu.
Mimi niliona nyuso za watu
na jani moja likishuka bila haraka.

"Walisemaje?" namuuliza mwanangu.
Anafikiri, anavuta kamba ya kofia.
"Kama watu waliokuta mlango umefungwa
na wanajua mama yumo ndani."

Tangu hapo nikaazima masikio yake.
Furukombe akatupa kichwa mgongoni, mdomo wazi:
"Lango la shule, baba, halijatiwa mafuta."
Mdiria akapita chini chini juu ya maji:
"Kama umevunja kijiti, halafu ukajuta."
Kungu, wingu lao jeusi likisimama ziwani kama moshi:
"Hao ni wewe. Ni mashine, tukiwa mbali nayo."
Nikacheka, pengine kwa sauti kubwa mno,
maana mwalimu aligeuka na kidole mdomoni.
Wanasema nguo ya kuazima haisitiri.
Hawajaazima kwa mtoto.

Jioni tulikalia jiwe, kando ya mafunjo.
Wenzangu walisikiliza, shingo upande,
vyura, nadhani, au hao ndege wanaolala kwa ugomvi.
Mimi nisiye na la kusikiliza nilikuwa natazama.
Na maji yakaota pua.

Matundu mawili meusi, kivulini mwa mafunjo,
hayatoi hata kiwimbi.
Nikangoja. Unga hauji kwa kuitwa.
Likaja jicho. Yakaja masikio, mapana, yamelowa,
yakageuka huku na huku kama yanayotafuta stesheni.
Kisha akainuka, nzohe, taratibu,
manyoya yanamchuruzika kama koti la mtu aliyetoka kuvua,
mistari ubavuni kama chaki iliyofutwa vibaya,
na zile kwato ndefu zilizotanuka
zinakanyaga tope kama wewe unavyokanyaga mkeka wa mgonjwa.
Hakutoa sauti. Naapa, na msiulize najuaje:
hakuna shingo iliyogeuka.

Nilimgusa Nyanzobe begani, kidole kimoja tu.
Akayafuata macho yangu mpaka yalipofika.
Pumzi ikamkwama; niliipata kwa kidole.
Tukabaki hivyo, muda wa kujaza kisado,
sisi wawili na yule wa tatu.
Kisha mgongo ukazama, jicho likazama,
pua ikakaa kidogo, kama mtu anayesahau jambo mlangoni,
na maji yakawa maji.

Njiani kurudi kambini Mazigo aliuliza
kama kuna aliyeona chochote.
Mwanangu akanitazama kwanza.
"Mbung'o tu," nikasema.
Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili,
na mabega yake, yakitetemeka mbele yangu gizani,
niliyasikia vizuri.