Mzinga

Mimi ni mchora vibao.
Vichwa vilivyonyolewa kwenye kuta za vinyozi wa Isevya,
paja jekundu la ng'ombe juu ya bucha la Cheyo:
hivyo ndivyo vilivyonilisha miaka kumi na miwili,
hadi Mwalimu Kalunde aliponipigia simu kutoka Ipole.
"Njoo na rangi zako. Nina wanafunzi ishirini na watatu,
mdogo wao ana wajukuu."

Darasa lao ni ghala la ushirika.
Harufu ya tumbaku ya msimu uliopita
bado imeng'ang'ania matofali.
Ubaoni palikuwa na neno moja,
limesimama kama mgeni asiye na mwenyeji.
Mwalimu akalisoma kwa sauti: *mzinga*.
"Mnaona nini?"

Ni watu wa asali wote, lakini ni watu wa utani pia.
Kasanda, aliyekuwa mgambo, aliona
lile dubwana la vita linalonguruma redioni siku ya sherehe.
"Mimi namwona mwanangu wa mjini," mwingine akadakia,
"hunipiga mzinga kila mwisho wa mwezi."
Sauti ya tatu, chini kwa chini, ikataja chupa.
Ghala likaangua kicheko
na neno likabaki pale pale, halina pa kukaa.

Nikasema, niachieni mimi.
Nikafuta neno. Nikachora
kwa ule wepesi wa mtu aliyezoea kulipwa.
"Jeneza," wakasema.
"Ngoma iliyopasuka."
"Gogo tu, halina kazi."
Mtoto aliyechungulia dirishani akapiga kelele: "Bomu!"

Hapo ndipo aliponyanyuka Nyamizi binti Misigalo,
ambaye kutwa nzima hakuwa amefungua kinywa.
Aliifuta chaki vumbi kwa ncha ya kitenge.
"Hauna mlango. Nyuki wapitie wapi?"
Akatoboa tundu.
Akachora kijiti chenye ndoano, na tawi la mtundu,
na gome lililoshonwa kwa kambaa, mshono kwa mshono,
kwani huo aliushona mwenyewe na anajua unapovuja.
Kisha akamgeukia Mwalimu:
"Sasa andika, hapo chini, karibu. Karibu zaidi."

Neno likakaa
kama mtu aliyefika kwake akavua viatu.

Hakurudi kwenye benchi.
Alipitisha kidole chini ya herufi, taratibu,
kama anayepapasa sega gizani.
"Hii milima miwili.
Hii, njia ya mlevi kutoka kilabuni.
Hii nyembamba ni mimi mwaka ule wa njaa."
Akaruka moja asiyoipatia sura.
"Hii ndoano yangu. Na hii ya mwisho
ni ngazi, imewekewa mtu apande."
Miaka yote hiyo nimeandika SALUNI na NYAMA SAFI
na sikujua kwamba nilikuwa nachora.

Kesho yake nilileta nyuki kwenye karatasi ya manila,
mkubwa, wa njano na mweusi, nikijivunia.
Nyamizi akainamisha kichwa.
"Nzi huyo."
Kimya.
"Nyuki ana mabawa manne, mwanangu.
Mawili ya nyuma yamejificha, yataka uangalie."
Nimefika kidato cha nne.
Nikachukua brashi nikaongeza mawili.

Mwezi wa saba nilipita tena, siku ya mizani.
Ndoo zimepangwa mstari, karani na daftari lake,
na ile pedi ya wino, ya zambarau, imekaukiana pembeni,
iliyokwisha kunywa vidole gumba vya kijiji kizima.
Akamsogezea Nyamizi bila kuinua macho.
Naye akaiacha ikae. Akaomba kalamu.

Kwenye mfuniko wa ndoo yake palikuwa na nyuki wa mkaa,
mabawa manne, nimeyahesabu,
na chini yake, karibu kabisa, jina.
Z imegeuka, inatazama ilikotoka.
Nilikuwa na brashi mfukoni.
Sikuigusa.