Swali la Nne, Bahi

Kwa nini Wajerumani walishindwa kule Urusi?
Darasa zima limeandika: baridi.
Madeje, mtoto wa utingo, kaandika: tope.

"Baba alikwama Chipanga siku tisa, masika,
lori la mpunga limezama hadi ekseli.
Dereva alihesabu kilomita za kwenda tu.
Dizeli iliisha, unga ukaisha,
wenye mbuga wakapita kando na punda wao,
wakawatazama.
Theluji, mwalimu, ilikuta watu wameshachoka.
Tena aliye kwake hana pa kurudi nyuma."

Mwongozo wa usahihishaji unataka baridi, alama mbili.
Kalamu nyekundu imenikaukia mkononi.
Nje, wingu la kwanza juu ya reli,
na mimi bado sijanunua mafuta ya taa.