Vyuma Sita

Jumapili baada ya alasiri tulishuka Tudor,
mimi na Fauza wa dada yangu,
kutazama mahali palipokuwa jaa.
Mimi pale napajua kwa pua:
mifuko ya nailoni ikining'inia mikokoni
kama nguo za watu wasio na haya,
na maji ya vyoo vya mtaa mzima
yakiteremka bila hodi.

Leo pana vigae. Pana taa za shingo ndefu,
mabenchi, na mama wa viazi karai
mwenye aproni ya nambari.
"Kumbe yawezekana," nikasema, nikajivuna
kana kwamba nilibeba hata jiwe moja.

Fauza akaiendea reli.
Kijani chake cha embe bichi,
kila chuma kimepindwa juu mithili ya wimbi.
Akavihesabu kwa ufunguo wangu, ting, ting, ting,
mpaka ting ikakatika.
Nafasi ya vyuma sita. Kamba ya katani,
mafundo mawili, na chini yake
maji yamejaa, meusi.

Nikamvuta mkono. Maneno yakanipanda:
Kaunti hawana haya! Kodi zetu zaenda wapi?
Mama wa viazi akaitikia,
mwenye baiskeli akaitikia,
dakika tano nzima tukawa bunge.

Askari, Mwachiro kwa jina la kifuani,
akangoja tushushe pumzi.
"Si kaunti, bwana. Ni msumeno, usiku.
Huuzwa kwa kilo.
Wauzaji twawajua mmoja mmoja.
Mnunuzi ndiye hatumjui."

Sikujibu.
Nilikuwa nayatazama yale mawimbi.

Mwezi wa Rajabu, kwa Shebwana wa vyuma chakavu,
nilinunua sita vya dirisha la nyuma, bei ya kutupa.
Sikuuliza. Naye hakusema.
Fundi akavisifu: "Aliyevipinda hivi ajua kazi."
Nikavipaka rangi nyeusi, mara mbili,
nikalala usingizi wa mtu aliyejikinga na wezi.

Usiku ule nilichukua sarafu ya shilingi kumi
nikakwangua.
Nyeusi ikabanduka kama ganda la kidonda.
Chini yake, embe bichi.

Husemwa cha umma hakina mwenyewe.
Hiki kilikuwa naye, amesimama gizani na sarafu:
kakilipia kwa kodi, kakilipia tena kwa Shebwana,
na bado mtoto wake angetumbukia.

Jumanne nikapanda tuktuk,
vyuma vimefungwa kwa leso kuukuu ya mke wangu,
ambaye tangu asubuhi hasemi nami,
dirisha limebaki wazi na paka wa jirani wameshaonja mchuzi.

Mwachiro akafungua daftari.
"Vimetoka wapi?"
Kalamu ikangoja. Nyuma yake
kamba ilikuwa ikichezacheza na upepo.
Nilikuwa na uongo mzuri, nimeupanga njiani:
nimeviokota, Makupa, kando ya barabara.

"Andika: dirishani kwangu."

Akanitazama. Akauliza jina.
Nikamwomba kalamu, nikaliandika mwenyewe,
lote, hadi la babu.