Mbiu ya Kuazima

Baba yangu Primitivo alitoka Ilokos na sanduku la bati,
akakodi ekari nne za lava iliyopoa, huku Puna, Hawaii,
akatoboa mwamba kwa mtaimbo, shimo kwa shimo,
kila shimo konzi ya udongo na mbegu tatu za papai.

Nilikuwa darasa la sita ugonjwa ulipoingia.
Pete kwanza: viduara kwenye ganda la tunda
kama alama za bilauri juu ya meza ya mlevi.
Kisha majani yakajikunja, yakawa kucha za kuku.
Vidukari wakapita mti hadi mti na salamu zao,
baba akikata, akichoma, akikata,
hata moshi ukawa jirani wa kudumu.
Mama alisema: tumepanda majivu.

Leo nina koti jeupe na neli za kioo,
na wakiniuliza kanisani nafanya kazi gani
nakwama.
Nasema: tulimnyang'anya adui kipande cha joho lake,
tukaushonea mti ndani kabisa, kwenye kiini,
ili akija kubisha usiku
mti umtambue kwa pindo tu.
Lakini joho lisilonadiwa hulala sandukuni.
Tukahitaji mbiu.
Hiyo tuliiazima kwa kirusi kingine, cha koliflawa,
fundi wa pembe kisichojua kunyamaza:
jani, shina, mzizi, mchana, usiku,
soma hapa, soma hapa, soma.

Mjomba Teofilo akakunja uso. "Yaani mnatulisha maradhi?"
Nikamwambia, koliflawa ya Jumapili huenda ilikuwa nacho kizima.
Hakucheka. Nami sikucheka sana,
maana nimewahi kuamka saa tisa za usiku
nikijiuliza: pembe isiyonyamaza
inasikiwa na nani mwingine?
Nimepima. Nimepima tena.
Ninayoyajua ni mengi, na yana ukingo.

Miti ikasimama. Tunda la kwanza halikuwa na pete;
baba alilamba hata kisu.
Wanunuzi wa ng'ambo wakataka karatasi,
kisha karatasi ya kuthibitisha karatasi.
Mahealani wa shamba la pili, mwenye mipapai ya kale,
akaja na chane ya ndizi na neno zito:
"Primo, chavua haijui uzio."
Baba akampa kiti. Walibishana hadi mbu wakashiba.

Usiku mmoja wa Julai
si kirusi kilichokuja. Lilikuja panga.
Miti mia tatu na arobaini, yote kiunoni,
mkato mmoja mmoja, safi, wa mkono uliozoea kazi.
Utomvu mweupe juu ya mwamba mweusi.
Mahealani ndiye aliyefika wa kwanza, miguu mitupu,
akashika kisiki kama anayepima homa.
Polisi akauliza kama tuna maadui.
"Tulikuwa naye mmoja," baba akasema. "Alivaa pete."

Nikachukua kipande cha gome hadi maabara, mazoea tu.
Mbiu ilikuwa ingali inalia mle ndani,
soma hapa, soma hapa,
haikuambiwa kwamba msomaji amekatwa.

Jioni baba akauliza, bila kunitazama:
"Hiyo pembe yenu, ina dawa ya panga?"
Nikasema haina.
Akanyoosha mkono nimpe mtaimbo.