Upande wa Kushoto

Nilimwambia ni mfuko wa kufichia pesa.
Fundi Zihalirwa wa Kadutu alicheka kwa pua,
akang'ata uzi, akasema:
Mama Ashuza, wezi wa siku hizi wana macho ndani ya vidole.
Akanishonea sketi ya kikwembe, maua mekundu juu ya buluu,
na mfuko wake, mzuri, mdogo,
kulia.

Kulia! Mimi mambo yangu yako kushoto.
Kushoto, vidole vitatu toka kitovuni,
ndipo walipofungua mlango mwingine
usiku ule utumbo ulipojipiga fundo
nikaonja kifo, kina ladha ya msumari.
Tundu jekundu, lenye unyevu,
kama mdomo wa kitoto kabla hakijapaza sauti.
Halina bawabu. Halipigi hodi.

Mwezi mzima nilijifunga kipande cha shuka
na pini mbili za nepi.
Nikipanda ngazi za Kadutu, beseni la makayabu kichwani,
plastiki iligandama kwenye jasho,
na mfuko ukishiba ulinining'inia, ukavuta ngozi
kama mtoto anayevuta nguo ya mama yake sokoni:
twende, twende.
Kanisani, katikati ya kimya cha maombi,
uliongea.
Nikakohoa kuufunika.
Jirani akanipa peremende.

Wanasema mficha uchi hazai.
Mimi nilishazaa wanne.
Lakini jioni moja ya mvua, duka tupu,
maji yakiteremka na matope yao kuelekea ziwani,
nilirudishia mlango, nikainua blauzi,
nikasema: Fundi, pesa yenyewe ni hii.

Hakusema pole.
Alitazama anavyotazama kola iliyopinda.
Akauliza: Ukijaa, una uzito gani?
Unavimba chini, au katikati?
Ukiinama, unakunjika wapi?
Miezi yote ile hospitali
hakuna aliyeniuliza ninavyoinama.
Kisha akanipa chaki, akageukia ukuta,
nichore mwenyewe.

Juma lile, nasikia, fundi alitembea kiajabu.
Alijifunga mkanda wa majaribio chini ya shati,
akatundika mfuko wa nailoni, ndani kikombe na nusu cha uji,
akapanda ngazi, akashuka,
akakaa nyuma ya pikipiki hadi Nyawera, mashimo yote,
akala maharagwe nao kiunoni,
akalala nao.
Mkewe alidhani amerogwa.
Siku ya kunikabidhi, alikuwa anajikuna ubavu.
"Mshono wa chini unauma," akasema. "Nimeugeuza nje."

Basi ninao. Mkanda mpana wa lastiki
iliyofumuliwa toka korseti za mitumba;
dirisha la duara, kingo zake flaneli ya kitoto;
kifuko cha pamba kinachoubeba ule wa plastiki kwa chini,
kama kiganja kinavyobeba yai,
na sketi ina mpasuko usioonekana
mkono wangu tu ndio unaujua.
Mfuko ndani ya mfuko ndani ya mfuko.
Na ule wa kulia sikuutoa.
Humo naweka pesa.

Bei hakupunguza hata faranga.
Tulibishana hadi koo zikakauka,
nikamwita mnyang'anyi, akaniita mkono wa birika,
na nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani:
mgonjwa hubembelezwa,
mteja hubishiwa.

Bado unaongea, sikudanganyi, hasa nikila sombe.
Lakini sasa unaongea kwa chini, ndani ya pamba,
nami naendelea kuhesabu chenji.

Siku hizi wanakuja wengine.
Mwanafunzi mrefu aliyekumbatia begi tumboni.
Mama mmoja toka Bagira, hataji jina.
Wote wanataka mfuko wa kufichia pesa.
Fundi haulizi.
Anatoa ile chaki, imebaki kama ukucha,
anageukia ukuta,
anangoja.