Sarafu Isiyonunua Kitu

Julai, Njombe, saa kumi na moja na nusu alfajiri.
Sakitu imeunguza mboga za Mama Nyagawa
na kutanda juu ya kioo cha gari langu
kama unga uliomwagika gizani.
Nabonyeza kitufe.
Kimya.
Nabonyeza tena, mkono juu, kama mtu anayetafuta mtandao,
kisha nauegemeza ufunguo kidevuni,
kama alivyopata kunielekeza Luvanda wa bodaboda:
"Hapo, dada. Fuvu linasaidia."
Fuvu langu halikusaidia.

Wiki nzima ulikuwa ukiniambia.
Kwanza ulifungua nikiwa hatua kumi, kisha tano,
kisha mpaka nisimame mlangoni kabisa,
nami nikasema, utavumilia hadi mshahara.
Ninasema hivyo kwa vingi.

Kumbe ndani ya ufunguo mna ufunguo.
Miaka mitatu naubeba na sikujua:
ulimi wa chuma umejilaza ubavuni mwake,
hauombi betri, hauombi kitu.
Nikauchomoa, nikauzungusha, mlango ukaachia,
na gari likapiga yowe
la kuamsha mtaa mzima.
Mbwa wa kina Mgaya wakaitikia.
Taa ya dirishani kwa Mama Nyagawa ikawaka:
"We Sekela! Unaiba gari lako mwenyewe?"

Luvanda alikuja kucheka, akabaki kusaidia.
"Usibonyeze tena. Ugusishe ufunguo
pale pale pa kuwashia.
Hata ukiwa umezima, ukiwa karibu unasikika."
Nikaugusisha, vidole vimekufa ganzi.
Injini ikakohoa mara mbili, ikakubali.
Yowe likakatika katikati ya neno.
Nikawahi zamu. Nikapokea watoto wawili,
mmoja alichelewa kulia, nikamsugua mgongo
mpaka akatukana dunia.

Saa tisa mchana nipo kwenye meza ya Kihwili,
nyuma ya soko, kati ya mikanda ya saa
na rimoti za tivii zilizofungwa kwa mpira.
Anaupenyezea ufunguo ncha ya bisibisi,
polepole, kama anayefumbua jicho la mgonjwa.
Tak! Umegawanyika nusu mbili.
Betri inadondoka juu ya kitambaa:
sarafu isiyo na nembo wala mwaka,
isiyonunua hata kitumbua.
Anaipima.
"Haijafa hii," anasema. "Imechoka kuita.
Na baridi yenu hii imeimalizia."
Anasema *yenu*; yeye kazaliwa Pawaga, kwenye joto.

Mpya anaishika pembeni, kwa kucha,
alama ya kujumlisha iangalie juu.
"Ukiigeuza haitakugombeza. Haitafanya kitu, basi."
Elfu tatu. Nimetoa bila kubembeleza bei,
jambo lililomshangaza kuliko vyote.

Nilivuka barabara ili nijaribu.
Hatua kumi: taa zikakonyeza.
Ishirini, kwenye bucha: zikakonyeza.
Nikaenda mpaka kwa wauza viatu vya mitumba,
nikabonyeza kwa mbali, kati ya vichwa vya watu,
nikaliona likiitika, rangi ya chungwa, mara mbili.
Nikabonyeza tena bila sababu.

Ile ya zamani niliitia mfukoni, nikaisahau.
Jioni, kwa muuza vitunguu,
nilimhesabia chenji kiganjani.
Akaitazama moja, akaigeuza huku na huku,
akanirudishia kwa adabu.
"Hii, dada," akasema, "sijui ni ya nchi gani."