Kipini

Bibi alikitoa mwenyewe, Jumapili,
akachomeka njiti ya ufagio puani
tundu lisije likaziba.
"Nimekuazima. Sikukupa."

Nikakitumbukiza kwenye tindikali,
na dhahabu iliyocheza ngoma miaka arobaini
ikayeyuka kimya, kama chumvi kwenye mchuzi.
Nikachemsha, nikadondoshea dawa, tone, tone,
mpaka chupa ikawa nyekundu:
nyekundu ya bibo lililoiva likaanguka lenyewe.
"Mwalimu, si dhahabu ni njano?"
Ni njano ikiwa nyingi.
Ikishuka hadi nanomita ishirini
haing'ai tena. Inakula mwanga.

Tukaibandika juu ya unga mweupe,
ule ule unaotia weupe rangi za ukutani,
tukatia maji, tukaanika nyuma ya maabara,
Newala, saa sita,
jua la mwezi wa kumi lisilobisha hodi.

Unga peke yake ni mvivu.
Jua linamrusha elektroni juu, naye
kabla hajashika kazi
kesharudi shimoni alikotoka.
Dhahabu inamdaka:
kaa hapa, maji yanakuja.
Na hapo, juu ya kitu kisichoonekana,
maji yanaachana.

Kipovu.
Halafu kingine.
Kidato cha Tatu B walihesabu hadi kumi na saba
wakaenda kula.

Bibi akaja, akachungulia.
"Mnavunja maji?"

Nikakosa jibu.
Huyu alishuka bondeni usiku wa manane
akapanga debe kwenye foleni, akapanda nalo mlima,
akaoga kikombe kimoja,
na povu lililobaki akaumwagia mkorosho.
Kwenye uwanda huu maji hayavunjwi.

Nikakinga ile hewa kwenye neli ya kioo,
nikawasha kiberiti.
Pa! Mlio mdogo, kama kicheko kilichozibwa kiganja.
"Shika, Bibi. Tazama ndani."
Ukungu.
Akaingiza kidole, akakilamba.
"Ni maji."
Akaonja tena. "Hayana magadi. Hayana tope."
Akafikiri.
"Ila ni machache."

Ni machache, Bibi.

Akagusa njiti puani.
"Na kipini?"
Kimo humo. Hakiliki.
Jua linapita, maji yanapita, chenyewe kipo.

Akaitazama chupa
kama anayemtazama mjukuu aliyeolewa mbali,
akaisogeza kidogo, kivuli cha paa kisiifikie.
"Basi msikiache kikakauka."